Rupia Iliyopasuka

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, saa za betri zilijaa minadani Bariadi, na ikawa nafuu kununua mpya kuliko kuniletea ya zamani niitengeneze. Kibarazani kwangu Somanda nikabaki na mzani mdogo, lenzi ya jichoni na kichupa cha tindikali nilichoachiwa na sonara aliyenifundisha kazi. Ndipo wakaja wageni wanaonunua rupia za Mjerumani, na watu wakaanza kuniletea sarafu niwaambie kama ni madini ya fedha halisi au bandia.

Mwanzoni nilifurahi. Baadaye nikachoka. Nyingi zilikuwa shaba iliyopakwa weupe, na kila niliyemwambia ukweli aliniangalia kama mimi ndiye niliyemtengenezea.

Alasiri moja alifika mama mzee kutoka Ngulyati, kwa miguu. Alifungua pindo la khanga akanipa rupia nyeusi, imetobolewa tundu la uzi, ukingoni imekatwa pengo, na ufa umetoka tunduni hadi katikati, ukapita shingoni mwa mfalme wa Kijerumani aliyechorwa juu yake.

"Mnunuzi amenirudishia, anasema bandia," alisema. "Kuuza nimeshaacha, mwanangu. Baba alituambia alilipwa hii kwa kubeba mizigo ya vita. Aliivaa hadi tukamzika. Nataka kujua tu kama alitudanganya."

Niliidondosha mezani. Ililia kama kigae. Nikaiweka mzanini, ilikuwa nyepesi.

"Bandia, mama."

Lenzi sikuigusa. Alishukuru, akaifunga tena pindoni, akaondoka.

Nilikuwa nakusanya vifaa vyangu jioni ndipo akili iliponirudia. Sarafu yenye ufa hailii vizuri, hata ikiwa fedha tupu. Na iliyotobolewa na kukatwa lazima ipungue uzito. Mambo haya sonara alinifundisha wiki ya kwanza. Niliyajua. Nilikuwa nimechoka tu, nikataka mtu atoke mbele yangu.

Asubuhi nilipanda baiskeli kwenda Ngulyati, nikiuliza njia. Nilimkuta shambani anachuma pamba.

"Mwangaluka, mama," nilimwamkia kwa Kisukuma. "Nimekuja kuiangalia tena."

Alinyoosha mgongo. "Jana hukuiangalia?"

"Sikuiangalia vizuri."

Tulikaa uani kwake. Kwa lenzi niliona meno ya ukingoni bado yapo, membamba, yamelingana. Ya sarafu bandia, iliyomiminwa kwenye kalibu, huwa yamevimba. Ndani ya ufa, chini ya weusi, rangi ilikuwa nyeupe hadi kiini. Lakini sikutaka aniamini kwa maneno, maana maneno nilishampa jana. Nilitoa mfukoni rupia moja ya bandia iliyoachwa kwangu, nikakwangua zote mbili kidogo, nikadondoshea tindikali. Ile ya bandia ilichemka povu la kijani. Ya kwake ilifanya utando mweupe kama maziwa, ikatulia.

"Hii ni fedha, mama. Mzee alisema kweli."

Nilitegemea atafurahi. Aliketi mikono mapajani, nyuzi za pamba zimemng'ang'ania vidoleni.

"Jana niliporudi nilikwenda kaburini kwake," alisema. "Nilimwambia ametuachia uongo tuuvae shingoni. Nilimtukana, mwanangu. Baba yangu."

Nilisema nilikosea, nikalisema tena.

"Usiniambie mimi," alisema akiinuka. "Twende ukamwambie yeye."

Mimi ni mtu wa kanisani, mtoto wa katekista, sijazoea kuzungumza na makaburi. Nilimfuata nyuma ya nyumba, kwenye rundo la mawe lililoota majani. Alisema kwanza yeye, kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale. Kisha akasogea kunipisha. Nilivua kofia. Nikamwambia mzee nisiyemjua kwamba rupia yake ni halisi, na kwamba uongo ulikuwa wangu, kwa sababu ya uvivu na uchovu.

Mama hakunisamehe kwa maneno. Aliniletea michembe ya viazi vitamu na karanga kwenye bakuli, akasema, "Kula, safari ni ndefu." Nilikula pale uani, kisha usingizi ukanichukua nikiwa nimeegemea ukuta. Nilipozinduka kivuli kilikuwa kimehama, na yeye alishapitisha uzi mpya kwenye tundu la rupia, ameivaa, yuko shambani ameinamia mstari mwingine wa pamba.