Nyati Anayecheka wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliteleza bafuni akaanguka. Hakuvunjika kitu, tunashukuru, lakini mke wangu, ambaye ni mwanawe wa pekee, akakata kauli palepale: Mama haishi tena peke yake, anahamia kwetu. Mama mkwe akasema hana neno, atakuja, ila atakuja na wanyama wake. Mke wangu akasema Mama karibu, wanyama hapana. Basi kila mmoja akanuna kwake, simu hazipokelewi, na mimi fundi makochi nisiye na kosa nikawa wa kutumwa huku na huku.

Ngoja niwaeleze hao wanyama. Marehemu baba mkwe alikuwa fundi wa kukausha wanyama. Wawindaji walimletea ngozi za vichwa na pembe, naye akajaza nyasi na matambara, akashona, akatia macho ya kioo, ili mnyama akae ukutani kama alivyokuwa porini. Nia ilikuwa hiyo. Kipenda roho hula nyama mbichi, na mzee yule aliipenda kazi yake kuliko chakula, ila kazi yenyewe haikumpenda hata kidogo.

Nyati wake anacheka. Sisemi ameachama, nasema anacheka, kama shangazi aliyeletewa umbeya wa moto. Tena ana meno ya mbele ya juu. Jamani, nyati hana meno ya mbele ya juu, kama ng'ombe tu asivyo nayo. Huyu anayo, mazuri kabisa, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuuliza yalitoka kinywani mwa nani. Ngiri ana makengeza. Swala amewekewa masikio kinyume, la kulia liko kushoto. Chui ana sura ya jirani aliyekuja kuomba chumvi na anaona haya kusema. Wateja walikuwa wakifika, wakitazama mali yao, na wakiondoka bila kuichukua. Mmoja, mtu mzima na bunduki yake, mke wangu anasema alilia. Ndivyo ukuta wa sebule ulivyojaa.

Mke wangu amekulia mle ndani. Mpaka leo hawezi kula kama amekaa akiupa ukuta mgongo. Na mimi siku ya kwenda kuposa, wazee wangu walikalishwa mkabala na nyati. Kila mjomba akifungua kinywa kusema la maana, anainua macho, anakutana na yale meno, anaishiwa maneno. Tulikuwa tumekwenda kuomba mke, tukawa tunakohoa tu. Sijui walimtoaje binti yao kwa watu kama sisi.

Nikamwambia mama mkwe aniachie mimi, nitawatafutia wanyama pa kukaa. Akakubali kwa sharti moja. "Mwanangu," akasema, "kila mmoja aende kwa mtu anayempenda. Kutupwa, hapana." Mkwe ni mkwe, huwezi kubishana naye. Nikaitikia, nikaenda kukodi mkokoteni.

Nilianza kwa afisa wanyamapori, maana nyara huwezi kuzigawa kama maembe. Akaja, akakagua vibali, akasema viko sawa. Halafu akamtazama nyati kwa muda mrefu. Akauliza, kwa sauti ya chini, nani alimfanyia hivi. Nikamwambia ni baba mkwe. Akanipa pole. Akaturuhusu tuwagawe kwa yeyote atakayekubali, au hata tuwachome, akasaini haraka haraka, akatoka kabla sijamwomba achukue hata mmoja. Serikali ilishakataa, nikajua kazi ipo.

Chui nilimpeleka shuleni. Mwalimu wa sayansi alifurahi kweli, akamweka mbele ya darasa, akawaeleza watoto kwamba huyu ni mnyama mkali. Darasa zima likaangua kicheko. Kufika mchana, mwalimu mkuu akanipigia simu nije nichukue fisi wangu. Nikamwambia si fisi, ni chui. Akasema ndiyo maana hamtaki.

Swala alikwenda kwa kinyozi, akatundikwa pembeni ya kioo, taulo kwenye pembe. Wateja wakawa wanamtazama yeye badala ya kujitazama wenyewe, wanageuza shingo kuchunguza yale masikio yana nini, kinyozi anachora njia katikati ya kichwa cha mtu. Alimrudisha akiwa na taulo yake, hakuitaka tena. Ngiri, mchuuza nyama alimkataa tangu mlangoni. Alisema mteja akiulizia nyama akiwa anatazamwa na macho yanayokwenda njia mbili, atadhani na mizani inakwenda njia mbili.

Nyati ndiye aliyenipa matumaini. Mwenye baa alimpenda, akamtundika juu ya kaunta, akaniagizia soda. Nikarudi nyumbani nikijipongeza. Kumbe walevi walianza kumwona wakiwa kwenye chupa ya kwanza, wakadhani wamefika chupa ya kumi. Wakaanza kuaga mapema. Mmoja, mlevi wa siku zote, alimtazama yule nyati, akaweka glasi chini, akaenda kumwomba mkewe msamaha, na tangu hapo hajagusa pombe. Mwenye baa akaja kwangu na pikapu yake, nyati kafungwa kamba nyuma.

"Fundi," akaniambia, "mimi nafanya biashara ya pombe. Sikufungua hapa ili kuokoa watu."

Basi nikawarudisha wote kwa mama mkwe. Nilichoka hoi. Nilimkuta sebuleni, mabegi yake yamefungwa, amekaa kitini amevaa viatu vya kutokea. Akaona mkokoteni, akaona pembe, akaniuliza kama hakuna hata mmoja aliyepata mtu.  Ningemwambiaje kwamba kazi ya mumewe imekataliwa na serikali, shule, kinyozi, mchuuza nyama, mpaka walevi?  Nikasema watu wamewapenda mno, Mama, tatizo ni nafasi tu, kuta zao ni ndogo.

Akacheka. Akacheka hadi akashika kiuno, halafu machozi yakaanza kumtoka, na sikujua tena kama ni kicheko.

"Hayo ndiyo niliyomwambia marehemu," akasema. "Maneno hayohayo. Nyati alikuwa wa kwanza. Mteja alimtukana, mzee akarudi naye nyumbani, akakaa hapo ulipo, chakula hataki. Nikamhurumia. Nikamwambia ni mzuri kuliko nyati aliye hai, yule bwana hana ukuta wa kumtosha tu. Akala. Kesho yake akaanza ngiri."

Nikamwuliza kwa hiyo yeye anawaonaje. Akasema anawachukia. Amewachukia wote, maisha yake yote ya ndoa, akiwafuta vumbi kila Jumamosi huku mumewe amesimama nyuma yake anauliza yupi kapendeza zaidi.  Sasa kwa nini asiwatupe, mzee si hayupo tena?

"Nikiwatupa nitakuwa nimemwambia ukweli," akasema.

 Tulikaa pale, mimi na yeye na ngiri akitutazama wote wawili kwa wakati mmoja. Hatimaye akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema haya, chui, ngiri na swala nikawachome nyuma ya nyumba, afisa alisharuhusu. Nikauliza, na nyati? Akasema nyati anakwenda naye. "Huyu ndiye niliyemdanganyia. Hao wengine alijitakia mwenyewe."

Ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu namjua mke wangu. Nikakodi gari, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Tulipofika, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akamwona mama yake akishuka na mkongojo mpya. Akaona na pembe zinatokeza nyuma ya gari, kisha meno. Nikafungua kinywa, akanipiga jicho, nikakifunga.

Akasogea. Akamtazama nyati, kisha akamtazama mama yake, ambaye alikuwa amesimama pale ameshika begi kwa mikono yote miwili kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.  Nikaona uso wa mke wangu unalegea, na bega moja linashuka, na mkono unatoka kiunoni.

"Ni mzuri, Mama," akasema. "Kwa kweli ni mzuri."

"Koma," mama mkwe akamwambia. "Usinianzie. Atazaa wengine."