Msamaha Aliopewa Mutie

Tangu mumewe afariki, Kalunde, mama yake Wayua, aliuza mbuzi katika soko la Zombe, na wanaume walimzoea polepole. Siku moja mnunuzi aliwaacha mbuzi wa Gedion, mchuuzi mwenzake, akachukua wa Kalunde. Gedion akapaza sauti: "Muulizeni huyo malaya anawauzia nini kingine pamoja na hao mbuzi!"

Watu wakacheka. Kalunde alimaliza biashara yake.

Alimshtaki Gedion kwa kamati ya soko. Kamati hiyohiyo ilikuwa imemfukuza mchuuzi mmoja kwa kulitukana kabila la Daud, muuza ngamia kutoka kaskazini.

"Mama Wayua," akasema mwenyekiti, Mzee Mwau, "ya Daud yalikuwa mambo ya kabila. Yangeleta vita. Haya yako ni hasira tu."

"Kwa hivyo nitukanwe kwa sababu wanawake hatuwezi kuleta vita?"

Kalunde akaendelea. "Gedion akimwita mwanamume mwizi, ataulizwa ameiba nini. Mimi nimeitwa malaya, na hakuna aliyeuliza nimefanya nini. Imetosha kwamba mimi ni mwanamke. Daud naye alitukanwa kwa vile alivyozaliwa. Tofauti iko wapi?"

Daud, aliyekaa nyuma, akasema, "Mzee, mimi sioni tofauti."

Wazee wakanong'onezana. Mwishowe Mwau akaamuru Gedion aombe msamaha. Gedion akainuka, akampita Kalunde kama hamwoni, akamnyooshea mkono Mutie, ndugu wa marehemu mume wa Kalunde. "Ndugu yangu, nisamehe. Nimelikosea boma lako."

Mutie akaupokea mkono. Watu wakapiga makofi.

"Mimi bado sijaombwa msamaha," Kalunde akasema.

"Mama, mambo yameisha," Mwau akajibu, tayari amesimama.

Nje, Mutie alimfuata kwa hasira. "Umepata ulichotaka. Sasa ungenyamaza." Kalunde akaongeza mwendo. Aliogopa kwamba angefungua mdomo angelia, na hakutaka wamwone.

Siku ya soko iliyofuata aliwafunga mbuzi wake mahali pake pa kawaida. Kijana mmoja alimtazama beberu wake kwa muda, akamtamani. Lakini kabla ya kuuliza bei, aligeuka kwanza kuangalia ni nani angemwona akizungumza na Kalunde.