Nilitaka mtungi wa udongo wa zamani, Jeneroza akaingia shimoni. Ukweli ambao sikuusema msibani

Wakuu, nawasalimu wote, wazima na wenye wagonjwa.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nne. Leo nauacha. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Kihanga, Karagwe. Hobi yangu ilikuwa kukusanya vyungu vya zamani vilivyofinyangwa kwa mkono. Mitungi ya maji, vyungu vya kupikia ndizi, na vile vidogo vyeusi ambavyo wafugaji walifukizia vyombo vya maziwa.

Siku hizi watu wana ndoo za plastiki. Unakuta chungu cha bibi wa mtu kinatumika kunyweshea kuku. Naomba, wananipa, huku wananicheka.

Jumamosi moja nikafika Isingiro, Kyerwa, kwa Bibi Kemilembe. Alikuwa mfinyanzi, na mama yake kabla yake. Miguu imeshamkataa, anashinda barazani. Pembeni yake kuna mtungi mkubwa, shingoni una alama za kamba ya nyasi iliyoviringishwa udongo ukiwa mbichi. Ukiugonga kwa kucha unalia kama kengele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwalimu. Huo usiutazame hivyo, hautoki. Ni mkono wa mama yangu."

Nikarudi tena na tena. Haukutoka.

Ndipo binti yake, Jeneroza, mjane mwenye watoto watatu, akanionea huruma. Akasema atanifinyangia mwingine kama huo.

Akafinyanga, ukapasuka kwenye moto. Wa pili vilevile. Akaniambia udongo wa karibu una mchanga mwingi. Ule wa zamani ulitoka kwenye shimo la bondeni, ambalo watu waliliacha kwa sababu kingo zake zinaporomoka.

Mtu mwenye akili angesema basi. Mimi nikasema, "Twende tukachukue kidogo tu, nitakusaidia kubeba."

Akasita. "Mvua imenyesha wiki nzima, mwalimu."

"Leo si jua limewaka? Dakika kumi tu."

Ilikuwa kama saa nne asubuhi, Bibi alikuwa bado amelala ndani. Jeneroza akashuka na jembe. Mimi nikabaki juu na simu, namchukua video. Ndiyo wakuu, video.

Shimo lilimzidi kimo. Udongo mzuri uko chini kabisa, kwa hiyo alikuwa anachimba kwa kuingia chini ya ukingo. Akanirushia bonge moja, jeusi, laini.

"Huu ndio wenyewe!" akasema, anacheka.

Ukingo ukashuka. Haukupiga kelele. Ulisikika kama mtu ametua gunia.

Niliruka ndani nikachimba kwa mikono huku napiga yowe. Watu waliokuwa wanachuma kahawa ng'ambo wakaja na majembe, lakini wakawa wanachimba polepole, wanaogopa kumkata. Tulipomfikia mwili ulikuwa bado wa moto. Alishakufa.

Mwenyekiti wa kitongoji akauliza ilikuwaje. Mdomo wangu ukajibu, "Nilikuwa napita, nikamkuta ameshaingia shimoni."

Video niliifuta kabla polisi hawajafika. Wakaandika ajali.

Msibani nikapewa kiti cha mbele. Watu wananishika mkono, wananishukuru kwa kujaribu kumwokoa. Bintiye mkubwa, wa darasa la saba, ndiye aliyeninawisha kabla ya chakula. Kucha zangu zilikuwa bado na ule udongo. Alinimiminia maji mara mbili ili utoke.

Nilikaa na uongo huo wiki tatu. Darasani naandika ubaoni, nageuka, nimesahau nilichokuwa nafundisha.

Mwisho nikapanda bodaboda hadi kwa Bibi. Nikapiga magoti barazani nikasema yote, hadi ya video.

Kisha akauliza, "Alikataa kwanza?"

"Alikataa, Bibi. Mimi ndiye niliyemshurutisha."

"Basi waambie wanawe. Kijiji kizima kinasema mama yao alikuwa mzembe, kwenda kujichimbia kaburi baada ya mvua. Na wao wanasikia."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Wakaitwa, na baba yao mdogo akaja. Nikasema tena. Mdogo kabisa hakuelewa, akaendelea kuchezea kamba. Yule wa darasa la saba alinitazama, akaingia ndani, hakutoka tena.

Baba mdogo akasema, "Mwalimu, ondoka kabla sijasahau kwamba mimi ni Mkristo."

Nikaondoka. Kesho yake nikaenda polisi kubadilisha maelezo yangu. Nikakemewa sana, ila wakasema inabaki kuwa ajali. Jumapili iliyofuata nikaomba kusimama kanisani kwao, nikawaeleza waumini kwamba Jeneroza alikataa na mimi nikamlazimisha. Hakuna aliyenipa mkono nilipotoka, na sikustahili.

Sijakanyaga Isingiro tangu siku hiyo. Kukusanya vyungu nimeacha.

Nilichojifunza ni hiki: mwenyeji akisita, mwache, yeye ndiye anayelijua shimo la kwao. Na uongo wa msibani haukuniokoa mimi tu, ulimchafua marehemu mbele ya watoto wake.

Kama kuna mtu humu amewahi kukaa na jambo la namna hii, aandike alifanyaje. Na mwenye matusi atukane tu. Nitasoma yote.