Mtoto wa Kupokea Godoro

Kama kuna jambo lolote Kariakoo linalohitaji mwenyekiti, Zulekha Likwata yupo. Harusi, arobaini, maulidi, kumuaga anayekwenda Hija, kumpokea anayerudi Hija. Mjukuu wa mtu akiota jino, Zulekha atauliza kamati inakaa lini. Duka lake la vitenge liko Mtaa wa Kongo, na ndani ya duka hilo amejifunza somo moja kubwa la maisha, kwamba hakuna furaha wala msiba usioweza kuvalishwa sare. Sare zenyewe, kwa bahati njema kabisa, zinapatikana dukani kwake.

Tusimwonee. Zulekha si mtu mbaya. Ni mkarimu wa salamu kuliko wengi, na kila kijana aliyepita na mzigo mgongoni aliitwa mwanangu, tena kwa sauti ya kuvuta ambayo ungedhani alimnyonyesha. Miongoni mwao alikuwamo mmoja mrefu, mwembamba, wa miaka kama kumi na saba hivi, aliyekuwa akimbebea marobota ya vitenge kutoka kwenye gari mpaka dukani. Usiku, mlango wa duka ukishafungwa, kijana huyo na wenzake walilala barazani pale pale, juu ya maboksi. Asubuhi alikuwa wa kwanza kusema shikamoo mama, naye alikuwa wa kwanza kujibiwa marahaba mwanangu.

Na si Zulekha peke yake aliyemzaa. Mji huu hauna mtu asiye na ndugu. Muuza kahawa alimwita mdogo wangu. Fundi cherehani wa pale kona alimwita mjomba. Abdulhamid wa duka la viatu, mzee mwenye ndevu nyeupe, alimwita baba: "Baba, hebu nishushie lile boksi." Ukiwakusanya jamaa zake wote, kijana yule alikuwa na ukoo wa kujaza uwanja wa mpira. Jioni ukoo wote ulifunga maduka, ukaenda kwao kula, yeye akabaki kutandika maboksi.

Wazo la kuwasaidia vijana wa barazani lilimjia Zulekha kwa njia ambayo mawazo yake mengi humjia: alimwona mwenzake kwenye simu. Shoga yake mmoja wa Sinza alikuwa amegawa biskuti kwa mayatima, akapigwa picha ameinama kidogo, kichwa upande, na watu wakamwombea pepo mpaka simu ikaishiwa chaji. Zulekha hakulala vizuri usiku ule. Kulipokucha akafungua kundi la simu, akaliita Tabasamu kwa Watoto wa Mtaani, akajiteua mwenyekiti kwa kauli moja, yake.

Kamati ilifanya kazi, usiseme. Wajumbe walivutana juu ya rangi ya sare mpaka wawili wakajitoa kundini kwa hasira na kurudishwa kwa kubembelezwa. Walijadili keki. Walijadili ukumbi, wakampata na mshereheshaji, kijana machachari aitwaye Bryson, anayeweza kuliza watu kwenye harusi ya mtu asiyemjua. Walimpata hata mgeni rasmi, mheshimiwa ambaye hakuna aliyejua vizuri anaheshimiwa kwa lipi. Katika mashauriano hayo yote, watoto wenyewe hawakuulizwa wanataka nini. Wangeulizwaje? Hawakuwamo kundini.

Aliyeharibu hali ya hewa ni Lalita, jirani wa Zulekha, mwenye duka la sufuria. Alipoombwa ajiunge aliuliza swali la ajabu: "Vijana wenyewe wanasemaje, dada Zulekha?" Kamati ikakubaliana kwamba yule mama ni bahili. Bahili huyo alikuwa amewaachia vijana bomba la uani kwake waoge na kufua, na mabegi yao aliyafungia stoo kila asubuhi, wasishinde nayo mgongoni huku wakiitwa wezi. Lakini hakupiga picha hata moja, kwa hiyo haikuwa na maana.

Zawadi kuu ya siku ilikuwa godoro. Zulekha alilipenda wazo hilo mpaka machozi yakamlenga. Godoro nene, la futi tano, likabidhiwe na mgeni rasmi kwa mtoto mmoja kwa niaba ya wote. Mtoto huyo angelitandika wapi, kamati haikulifikia jambo hilo, na wala halikuwa na uzito, kwa sababu godoro lilikuwa la kuazima kutoka duka la jirani na lilitakiwa kurudi kabla ya saa kumi, na nailoni yake. Kilichobaki ni kumpata mtoto wa kulipokea, na Zulekha alikuwa naye tayari, yule mrefu wa barazani. Alikuwa na macho mazuri ya huzuni. Kwenye picha yangetoka.

Siku chache kabla ya shughuli, kijana alimfuata dukani. Hakuwa amebeba mzigo. Alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono mbele kama anayeingia kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vipi, wenzako wamejiandaa?"

"Wamejiandaa. Mama, samahani, nina shida kidogo. Kuna karakana Magomeni wanafundisha ufundi wa friji. Wanachukua vijana wa hali yetu, bure. Nimefanya usaili, nimepita."

"Mashallah! Hayo ndiyo mambo!"

"Ila wanataka mlezi. Aende mwenyewe, akae pale, aulizwe maswali, aweke sahihi. Mwisho Jumamosi saa sita mchana. Bila mlezi nafasi anapewa mwingine. Nilikuwa naomba, mama, kama ungeweza kunisindikiza."

Zulekha alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Jumamosi? Mwanangu, Jumamosi si ndiyo siku yenu? Sasa wewe ukiondoka godoro atapokea nani?"

Kijana akakunjua mikono, akaikunja tena.

"Na mimi mwenyekiti niache shughuli? Haiwezekani. Lakini usihangaike bwana, mtaa mzima huu ni wazazi wako. Muombe yeyote."

Akaenda kuwaomba wazazi wake. Kaka yake muuza kahawa alisema angekwenda, tatizo ni makaa, yakizima hayawaki upesi. Mjomba fundi cherehani alimpongeza sana, akamshika bega, akasema kuweka sahihi kwa mtoto wa watu ni jambo zito, kesho ukiiba friji watanikamata mimi. Yule mzee aliyemwita baba alimshauri amwombe mtu mzima. Lalita ndiye pekee ambaye hakuweza kumwomba, kwa sababu wiki ile alikuwa Tanga akimuuguza dada yake. Ukoo wote ukamtakia kila la heri, na kila mmoja aliongeza kwamba Mungu hamtupi mja wake, kwa matumaini kwamba Mungu angekuwa na nafasi Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vya dhahabu, kamati ikang'aa ndani ya kitenge kimoja kama mapazia ya hoteli. Vijana wa barazani walikalishwa kwenye mkeka upande wa kulia, ambako mwanga ulikuwa mzuri. Mgeni rasmi alichelewa, kama inavyompasa mgeni rasmi, na Bryson akautumia muda huo kupanga picha. Ndipo alipomwona kijana wa godoro, akashika kichwa.

"Dogo, nini hiki? Mbona umetakata hivi?"

Kijana alikuwa ameoga. Nywele zilichanwa. Alivaa shati jeupe lililochakaa kola lakini limenyooka, maana mjomba fundi, aliyekataa kwenda, alikuwa na aibu ya kutosha kumpigia pasi. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa bado na tumaini fulani moyoni, la kipuuzi, kwamba mtu angebadili mawazo dakika za mwisho.

"Unatuharibia bwana," Bryson alisema, wala si kwa ukali, kwa utaalamu tu. "Watu wakikuona hivi watajua una kwenu. Vua hilo. Vaa ile fulana yako ya kila siku, ile ya kubebea mizigo."

Kijana hakubisha. Alifungua vifungo kimoja kimoja, akalikunja shati kwenye mikunjo yake ya pasi, akatafuta kwa macho mahali pa kuliweka. Kila mahali palikuwa na maua au spika. Akaja mpaka kwa Zulekha kifua wazi, mbavu zikionekana.

"Mama, nishikie. Lisijikunje."

Zulekha akalipokea. Lilinukia sabuni ya mche na joto la pasi. Alisimama nalo mikononi, na kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa hasira, tena hasira juu ya kijana. Kwa nini amletee mashati siku ya watu? Kisha akamwona amerudi pale mbele, ameshavaa fulana yake iliyotoboka kwapani, wanambebesha godoro kichwani kujaribu kimo, na Bryson anamwambia atazame chini, zaidi, hapo hapo. Kijana alitazama chini. Alitazama kama mtu anayeijua saa bila kuiona. Zulekha akaona aibu. Si ile aibu ya kusemwa na watu, hiyo alikuwa ameizoea na anaimudu. Hii ilimwambia kwamba mtoto yule aliomba kitu kimoja, cha kwenda Magomeni na kukaa kwenye benchi, na yeye alimletea keki.

Nje honi ikalia. Vigelegele vikaanza.

Zulekha alikwenda mpaka mbele, akaliondoa godoro kichwani mwa kijana kwa mikono yake, likaangukia mguu wa kamera. "Vaa shati lako," alisema. "Upesi."

"Mama mwenyekiti!" Bryson alinong'ona kwa kelele. "Mgeni rasmi ndo anaingia! Godoro nani atapokea?"

"Mwambie apokee yeye. Pengine hana."

Wakatoka kwa mlango wa jikoni. Zulekha aliita bajaji, akajipakia na lile gauni lake la mabega yaliyotuna, kijana akabanwa pembeni akifunga vifungo. Njia nzima simu ililia na njia nzima hakuipokea. Alimwambia dereva kwamba akisimama tena kununua vocha atamjua yeye ni nani. Dereva hakutaka kujua.

Karakana ilikuwa nyuma ya ua mmoja pale Magomeni, na ofisi yake ilikuwa chumba chenye meza, feni, saa ya ukutani iliyobakiza dakika chache kufika sita, na friji mbili zilizofumuliwa matumbo. Kwenye benchi walikuwa wamebaki kijana mmoja na bibi yake. Bibi alimtazama Zulekha kuanzia kilemba hadi utepe wa dhahabu ulioandikwa MWENYEKITI, akamsogelea mjukuu wake. Mwandikishaji, mama mmoja wa makamo aitwaye Mwalimu Ritha, aliwasubirisha mpaka akamalizana na bibi, kisha akawaita bila kuinua kichwa.

"Huyu mwanafunzi ni nani wako?"

"Mwanangu," alisema Zulekha, mara moja, kama alivyosema kila siku ya Mungu.

"Vizuri. Jina lake kamili?"

Zulekha alifungua mdomo. Hotuba ngapi zimepita kwenye mdomo ule bila karatasi! Hakuna kilichotoka. Alimgeukia kijana, akarudi kwa mwalimu. Alijua kijana yule alibeba robota zito kuliko wenzake. Alijua macho yake yangetokaje kwenye picha. Jina hakulijua, kwa sababu hakuna siku alilihitaji. Mwanangu lilikuwa limetosha kumwitia mizigo yote.

Mwalimu Ritha aliweka kalamu chini. "Mama gani hajui jina la mwanawe?"

"Sijui," alisema Zulekha. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata yeye hakuitambua. "Ananipa shikamoo kila asubuhi, Mwalimu, na sikuwahi kumuuliza. Naona aibu, na ni haki yangu." Akageuka kwenye benchi, mbele ya mwalimu, feni na friji zote mbili. "Unaitwa nani?"

"Ignasi," kijana alisema. "Ignasi Mbawala. Natoka Songea."

Mwalimu Ritha alikuwa amewaona walezi wa kila namna, wengi wao wa kukodi. "Mama, nikueleze. Mlezi si lazima awe amezaa. Lakini akiugua nakupigia wewe. Asipofika darasani nakupigia wewe. Akivunja kitu, akilia, akitaka kuacha, ni wewe. Wanaokuja kuweka sahihi na kupotea ninao wa kutosha. Utakuja?"

Zulekha alizoea kujibu maswali kwa kuanza na itifaki. "Nitakuja," alisema.

Kalamu ikainuliwa. Jina likaandikwa, la baba likaandikwa, wilaya ikaandikwa. "Anaishi wapi?"

Ignasi alianza kujibu, na Zulekha aliliona jibu likija: barazani, Mtaa wa Kongo, mlangoni kwa huyu mama. Angelisema bila kulalamika, kwa adabu ile ile ya shikamoo.

"Anaishi kwangu," Zulekha alisema kwa ukali, kama anayepunjwa bei. "Ilala. Chumba cha uani. Kina maua ya plastiki ya harusi za watu, yatatoka. Andika, Mwalimu, kabla akili hazijanirudia."

Ignasi alimgeukia polepole. "Tangu lini, mama?"

"Tangu leo. Na usinibishie mbele za watu, Ignasi."