Mpepetaji wa Nyanzala

Mieleka ya karatasi ilianza Mpanda kwa sababu ya jenereta. Kulikuwa na kibanda cha video karibu na stesheni, na watu walijazana humo kutazama wababe wa Ulaya wakirushana nje ya kamba. Jenereta ikafa, mwenye kibanda akahamia Tabora, watu wakabaki na hamu yao. Ndipo Isidori, karani wa mizigo pale stesheni, akasema kwani lazima video? Kila mtu abuni mbabe wake, ampe jina, amwandikie majigambo. Jumapili tusome, watu waamue nani kaangushwa.

Wengine walidhani ni maneno ya kilabuni, lakini mchezo ukashika. Baada ya misa, nyuma ya ghala la tumbaku, watu wazima na akili zao walisimama na karatasi mkononi wakitishiana kuvunjana mbavu, na hakuna aliyemgusa mwenzake.

Dafrosa alifika pale kuuza maandazi. Alikuwa ameishia darasa la tano, na kwa Jumapili nyingi alisikiliza tu, beseni mapajani, kabla ya kuthubutu kuandika. Mbabe wake alimwita Mwiba wa Pori, mwanamke asiyeogopa kitu. Mwenyewe hakuwa hivyo. Mtoto wake Kelvin akikohoa asubuhi, jua halijapanda Dafrosa yuko kwenye foleni ya zahanati.

Sheria za mchezo zilikuwa chache. Mbabe wako msemee wewe, wa mwenzako mwachie mwenyewe: unaweza kuandika utamfanya nini, huwezi kuandika kwamba alilia au alipiga magoti. Halafu, hakuna karatasi kusomwa kabla ya kupepetwa. Mwandishi alichagua mtu mmoja, wakakaa pembeni, akamsomea, na yule mpepetaji akamwonyesha makapi yako wapi. Akiridhika alitia jina lake chini, na toka hapo hakuna neno kuongezwa wala kutolewa.

Kwa kupepeta, Dafrosa alikuwa na sikio. Alijua sentensi ipi imechoka, alijua kitisho kipi hakitishi. Ila aliwahi kumwambia Specioza, kwa nia njema kabisa, kwamba mbabe wake anajisifu kama mtu anayeomba kazi. Specioza alicheka, akakunja karatasi, na Jumapili iliyofuata hakuonekana. Baadaye walisema ameolewa Sumbawanga. Dafrosa hakuamini kwamba ni ndoa tu iliyomwondoa. Tangu siku hiyo kila aliyemletea karatasi alimwambia ni nzuri, labda hapa weka nukta, na akatia jina.

Nyanzala alikuja masika yalipokuwa yanaisha. Alikuwa mke wa mfugaji wa Kabungu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na alikuwa amekaa huko miezi mingi kwa ajili ya uzazi. Siku hiyo alifika kwa baiskeli, matope hadi magotini, mtoto mgongoni. Mbabe wake, Dume la Kabungu, alipangiwa kukutana na Gogo, mbabe wa Luhende fundi baiskeli. Luhende alikuwa hajaangushwa tangu Krismasi.

"Dada, nipepetee," Nyanzala alisema. "Hawa wengine wananiona mshamba. Nikichekwa leo, mume wangu hataniruhusu tena kuja. Amesema wazi, kama ni kwenda kuchekwa, nichekwe nyumbani."

"Nani akucheke wewe? Soma nisikie."

Wakakaa kwenye magunia. Nyanzala akasoma taratibu, kidole chini ya kila neno, na Dafrosa akashangaa. Ilikuwa kazi nzuri. Dume lilishuka toka milimani na ukungu puani, lilikwangua ardhi mpaka kuku wa Mpanda nzima wakaacha kutaga. Dafrosa alicheka kwa dhati. Kisha Nyanzala akafika mwisho, na mwisho ulisema hivi: "Gogo akapiga magoti kwenye tope, akalia kama ndama, akaita, mama, njoo unichukue. Na mama hakuja."

Dafrosa aliacha kucheka. Mvua za kwanza zilipoanza, mama yake Luhende alifariki Sibwesa. Lori alilopanda Luhende lilikwama njiani, akafika wameshazika. Dafrosa alikwenda kumpa pole na unga kwenye ungo, akamkuta amekaa chini anatazama viatu vyake. Nyanzala alikuwa Kabungu na tumbo lake. Angejulia wapi?

Na hata haikuhitajika kutaja msiba. Sheria peke yake ilitosha. Angesema, mdogo wangu, Gogo si wako, huwezi kumpigisha magoti, futa hiyo. Ni maneno ya kumaliza kabla maandazi hayajapoa.

"Vipi?" Nyanzala aliuliza. Alikuwa anamtazama usoni, jasho linamtoka. "Mwisho umekaa? Huo mwisho ndio nimeuhangaikia kuliko vyote."

Dafrosa akamwona Specioza akikunja karatasi.

"Umekaa," alisema. "Nzuri sana, mdogo wangu." Akachukua kalamu, akatia jina.

Nyanzala aliposimama kusoma, watu walicheka toka mwanzo. Kwenye kuku, Isidori alishika mbavu. Dafrosa alitazama nyuso, moja moja, akijiambia labda hawatasikia, labda upepo utachukua. Mwisho ulipofika, waliotoka vijijini waliendelea kucheka. Wa mjini walinyamaza, na kimya chao kikawafikia wale wengine mpaka wote wakatulia.

"Nani kapepeta hii?" Isidori aliuliza.

Isidori akaichukua karatasi, akatazama jina lililotiwa chini.

"Mama Kelvin?"

"Ni mimi," Dafrosa alisema.

Luhende alikuwa na karatasi yake tayari. Aliitazama, akaiweka mfukoni. "Gogo leo hana neno," alisema, akaondoka bila haraka, akisukuma baiskeli badala ya kuipanda.

Asiyejibu ameangushwa, kwa hiyo Dume la Kabungu likashinda. Hakuna aliyepiga makofi.

Nyanzala alimfuata Dafrosa kwenye beseni lake. "Dada, nimekosea nini? Wananitazama kama nimeiba."

Dafrosa akamweleza. Alieleza vibaya, kwa kurudia rudia, huku akipanga maandazi yaliyokwisha pangwa.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Pale kwenye magunia nikikusomea, ulikuwa unajua?"

Dafrosa aliitikia kwa kichwa. "Nilikuona umefurahi. Nikaogopa kukuvunja moyo."

"Kufurahi ningefurahi hata kwetu," Nyanzala alisema. "Ningewasomea ng'ombe, wangekubali tu. Kwako nilikuja nifanye nini?"

Kabla hajarudi Kabungu walikwenda wote wawili kwa Luhende. Alikuwa amechutama, anazamisha mpira wa baiskeli kwenye karai la maji atafute tundu. Nyanzala aliomba radhi kwa maneno machache. Luhende akamwambia, "Mama, mchezo ni mchezo. Wewe hukujua, usijisumbue. Wale kuku wako wamenichekesha." Kisha akamgeukia Dafrosa, akamtazama kidogo. "Wewe ulikuja msibani," alisema, akarudi kwenye karai lake.

Dafrosa aliyachambua maneno hayo kwa majuma mengi. Hakuyaona kuwa matusi, na angependa yangekuwa matusi.

Mume wa Nyanzala hakumzuia kuja. Aliambiwa mkewe ameshinda, basi. Lakini Nyanzala hakukaa tena kwenye magunia. Karatasi zake alizipeleka kwa Isidori, ambaye hakuwa na huruma. Alikata mistari, alikuna kichwa, alisema kwa sauti ili wote wasikie, "Hili dume lako leo lina minyoo, mbona limelegea?" Nyanzala alikasirika, akabishana naye, akacheka, akaandika upya pale pale.

Jumapili moja Dafrosa alijikaza. Alimngoja pale baiskeli zinapoegeshwa. "Mdogo wangu, leo nipe mimi niisome. Nitakwambia kila kitu, hata kama ni kibaya."

Nyanzala alimtazama kwa upole. Ni upole huo uliomuumiza Dafrosa kuliko yote, maana aliujua. Ndio aliokuwa akiwapa watu.

"Isidori ameshaanza nayo, dada," alisema. "Usijali." Akafungua mbeleko, akampa mtoto. "Nishikie huyu, ananipigia kelele nikisoma."

Dafrosa akampakata. Kule kwenye magunia Isidori alikuwa amesema kitu, na Nyanzala alikuwa anampokonya kalamu. Mtoto alikohoa kidogo. Dafrosa akamwekea kiganja kifuani, akasikiliza.