Kisahani Namba Thelathini na Moja

Mume wangu Kaingu akilala mchana, mikono yake hailali. Hupangusa. Huanzia juu, taratibu, kama anayemfuta mtoto jasho, kisha hushuka, kisha huinamisha shingo kuchungulia kitu nisichokiona mimi. Nikimwuliza ameota nini, hunijibu bila kufumbua macho: "Nilikuwa naifunika namba tisa, Mama Cynthia. Upepo unavuta turubai." Miaka ishirini na tisa nimelala na mwanamume huyu na ndege zake kitanda kimoja. Wenzangu wakilalamika juu ya wake wenza, mimi hucheka tu.

Kaingu Fondo ni mtu wa Kinango, na alikuwa fundi wa ndege za kivita katika kambi iliyo nyuma ya mashamba ya miwa, upande wetu huu wa Ramisi. Mimi Concepta nilitoka bara kuja kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na sijarudi tena. Nilimpenda kwa usafi wake. Msinicheke, dobi humjua mtu kwa kola.

Kambi ile ilijengewa ndege sita. Mwaka juzi kambi moja ya bara ikaanza kukarabatiwa, ndege zake zikaletwa kwetu, jumla zikawa kumi na nne. Ndege kumi na nne, mabanda sita! Nane zikalala nje chini ya vivuli vya turubai, bawa kwa bawa, mafundi wakawa wanapita kiubavu. Na huko nje zilikuwa na maadui wawili, chumvi ya bahari na masizi. Miwa ikichomwa kabla ya kukatwa, masizi hupanda juu, halafu hushuka polepole, meusi, mepesi, mchana kutwa, mpaka unasahau kama uko macho ama unaota. Siku kama hizo mimi nililia na mashuka yangu, yeye akalia na ndege zake. Kila alasiri walizikosha kwa maji yasiyo na chumvi, wakazikausha, wakaziba matundu yake kwa vifuniko vyekundu, wakazifunika. "Kwetu Kinango ng'ombe hukaa siku mbili bila tone," aliniambia, "na hizi huogeshwa kila siku." Kisha akatabasamu peke yake kwa muda mrefu.

Lakini kazi yao yote ilisimama juu ya ubao. Kila kifaa, spana au bisibisi, kilichorewa umbo lake kwa rangi nyeusi pale kinapotundikwa. Kila fundi naye alikuwa na visahani vya shaba vyenye namba yake. Ukichukua kifaa, unatundika kisahani mahali pake. Jioni hatoki mtu mpaka kila umbo limejazwa. Kikikosekana kimoja, hairuki ndege hata moja, maana spana iliyosahauliwa tumboni mwa ndege ni kifo cha rubani. Namba ya Kaingu ilikuwa thelathini na moja, na katika miaka yote ile hakupoteza hata msumari. Mle karakanani kuna ubao mwingine wenye majina ya mafundi waliostaafu bila kupoteza kitu, yameandikwa kwa rangi nyekundu. Yalikuwa majina matatu. Kaingu hakutaka cheo wala medali, alitaka jina lake liwe la nne. Likawa la nne.

Kazini kwangu nako tuna sheria. Ukikuta kitu mfukoni mwa nguo ya mgeni, hata kibanio cha nywele, unakiandika na kukirudisha. Ila nyumbani nilijitungia sheria yangu: nilichokikuta mfukoni ni changu. Sarafu, peremende, penseli, vyote nilivila. Kaingu aliikubali tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, akicheka. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha naye apate chochote, sivyo?

Siku yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Wenzake wana desturi yao, anayestaafu hurushiwa maji kwa ule mpira wa kuoshea ndege. Wakamlowesha chapachapa, wakampigia makofi, wakampa zawadi ya kipande cha mvule kilichopigiliwa kisahani chake namba thelathini na moja. Kwa kuwa visahani vyake vilikuwa vimesharudishwa, wakamruhusu atoke kabla ya hesabu ya jioni, akarudi nyumbani na nguo kavu za kuazima, ovaroli ameibeba mkononi, yachuruzika.

Jumamosi nikaifua. Katika mfuko wa pajani nikakuta kioo cha mviringo, kidogo kama biskuti, kina mkono mwembamba unaovutika ukawa mrefu. Loo, kizuri hicho! Nikadhani ni zawadi nyingine ya wenzake. "Nimepata changu mfukoni," nikamwambia. Alikuwa kitandani, mikono inapangusa. "Haya, kula," akasema.

Jumatatu nikaenda nacho kazini. Nilichungulia nacho nyuma ya mashine za kufulia, ambako hakuna aliyewahi kuona. Nikatoa vifungo kumi na kimoja na hereni ya mgeni iliyopotea tangu Pasaka. Viola, msimamizi wetu, akanisifu mbele ya watu. Nikaringa, kweli.

Na angani, kimya. Jumatatu hakuna ndege iliyoruka, Jumanne hakuna. Watu wakafurahi. Watoto wachanga walilala, kuku walitaga, mtu aliweza kusikia majani ya miwa yakisuguana. Mimi mwenyewe nilisinzia juu ya rundo la mashuka nikaota naelea. Kaingu ndiye hakulala. Alikaa kizingitini akitazama juu, mikono imetulia magotini, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

"Kimya hiki kina kitu, Mama Cynthia," akasema. "Wamepoteza kifaa."

Jumatano alikutana dukani na Mwinga, mlinzi wa lango la kambi. Watu wa kambi walikuwa wamekatazwa kusema nje, lakini Mwinga na siri ni maji na pakacha. Kaingu akanikuta jikoni namenya muhogo, akanieleza. Kisahani kilichobaki ubaoni ni cha Luqman, kijana ambaye Kaingu mwenyewe alimfundisha kazi, aliyeoa mwaka huu. Luqman anasema hakumbuki alikiacha wapi kifaa. Aliomba namba tisa ifunguliwe kwanza, ikafunguliwa, hamna. Wamefungua ndege tisa, bado tano. Ijumaa ikifika bila kifaa kuonekana, Luqman anafukuzwa kazi.

"Kifaa gani?" nikauliza.

"Kioo. Kidogo, cha mviringo, kina mkono wa kuvuta. Cha kuchungulia nyuma ya injini."

Kisu kikanidondoka.

Nitasema kweli yangu yote. Mkoba wangu ulikuwa unaning'inia mlangoni, kioo kimo ndani, na choo ki hatua kumi. Nikaliwaza lile jina jekundu. Nikawaza, nikikitupa nani atajua? Shetani hana haraka, alikaa nami mpaka muhogo ukaiva. Halafu nikamwona mke wa Luqman, ambaye sijawahi kumwona, akikunja nguo zake arudi kwao. Nikakitoa, nikakiweka mkekani mbele ya mume wangu.

Alikiokota, akauvuta ule mkono wake. Kisha kumbukumbu ikamrudia. Ijumaa ile alikichukua mkononi mwa Luqman aichungulie namba tisa mara ya mwisho, kuiaga, akakitia mfukoni, na papo hapo maji yakamfika.

"Luqman anajua," akasema. "Mungu wangu, anajua, na hakunitaja." Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika mamake.

"Tutakwenda wote," nikamwambia. "Nitasema mimi ndiye niliyekichukua. Nimezunguka nacho kazini siku tatu!"

"Wewe utakwenda Diani kazini kwako."

"Baba Cynthia, kwani mimi sina mdomo?"

"Unao, na ni mkubwa. Utakwenda kazini."

Alhamisi asubuhi akachukua bisibisi, akakibandua kile kisahani kwenye mvule. Akavaa shati nililompigia pasi, akaenda kwa miguu kwa njia ya katikati ya miwa. Kioo alikishika mkononi, hakukitia mfukoni.

Saa tano na nusu mngurumo ukapita juu ya hoteli. Wageni kule bwawani wakaziba masikio, mmoja akaenda mapokezi kugomba. Ikapita ya pili. Ya tatu. Nilihesabu mikono imo kwenye sabuni, nikalilia shuka za watu mpaka Viola akaniuliza nimefiwa na nani.

Jioni Kaingu akaniambia neno moja tu: "Zimeruka." Nikajaribu kumchimba, hakuchimbika.

Luqman alikuja kesho yake na mkewe. "Shikamoo baba, shikamoo mama." Kaingu alipotoka kuchuma ndimu za chai, kijana akanisimulia. Mzee aliingia karakanani mbele ya watu wote. Alikitoa ubaoni kisahani cha Luqman kwa mkono wake, akampa. Akatundika pale thelathini na moja, akarudi nyuma hatua moja, kila mtu akione. Ndipo akakitoa, akatundika kioo juu ya umbo lake. Mkuu wa karakana akamwuliza kilikuwa wapi siku zote hizi. "Kwangu. Nilikuwa nacho mimi." Akaandika hivyo hivyo kwenye karatasi, mstari mmoja, akatia sahihi. Kisahani kikabaki mezani kwa mkuu. Kabla hajafika langoni, mtu alishaleta kopo la rangi nyeupe, akalifuta jina la nne.

"Nashindwa kuelewa, mama," Luqman akasema, machozi yanamlenga. "Baba huhesabu hata njiti za kiberiti. Kitakaaje kwake siku zote hizo asikione?"

Nikafungua mdomo. Kaingu akaingia na ndimu, akaniangalia, akaanza kumimina chai.

Walipoondoka nikamvaa. "Mbona hukunitaja? Miaka ishirini na tisa, Kaingu! Mbona umeacha wafute jina lako kwa upuuzi wangu?"

Alikuwa akikusanya vikombe. "Wewe huna kisahani kule, Mama Cynthia," akasema, akaenda kuviosha.

Kile kipande cha mvule nimekitundika ukutani hivyo hivyo, na duara lake jeupe pale palipokuwa na shaba. Yeye amelala sasa hivi ninavyosema, na mikono inapangusa, na juu ya paa imepita moja, labda namba tisa. Akiamka atanikataza. Basi nasema bado amelala, na ninyi mpelekeeni Mwinga mlinzi habari hii huko langoni, maana yeye akiambiwa kambi nzima itajua: kile kioo nilikuwa nacho mimi.