Siku Ganzi Ilipokwisha Kasongo

Usiniambie ilikuwa homa. Homa naijua, na siku ile sikuwa nayo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hospitalini Kasongo, wakati wa Wabelgiji.

Nililetwa kutoka Kabambare kwa lori, utumbo umejisokota. Daktari mzungu akanipasua kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu. Baada ya hapo, asubuhi na jioni, muuguzi alinichoma sindano za ganzi kando ya kidonda ili niweze kuvuta pumzi na kukohoa. Usipokohoa, walisema, mapafu yataoza ufe. Siku ya tatu ganzi ikaisha, na lori la dawa lilikuwa limekwama kwenye matope. Niamini, nilivuta pumzi kwa kuiba, na kukohoa sikuthubutu.

Saa nane mchana wazungu walikuwa wamelala, na mke wangu Zaituni alikuwa nyuma ya wodi akinipikia uji. Akaingia muuguzi nisiyemjua, mwembamba, sikio moja limekatika. Hakusalimu. Kwetu mgonjwa hafikiwi bila salamu, lakini mwenye koti jeupe enzi zile nani angemuuliza? Nikafunua tumbo mwenyewe.

"Maumivu yako nipeleke wapi?" akauliza.

"Peleka kokote, muganga! Kwangu itoke tu."

Sindano ilikuwa baridi. Maumivu yakaondoka yote. Nikakohoa, nikacheka kwa furaha. Nilikuwa bado nacheka niliposikia ukelele wa Zaituni.

Walimkuta chini kando ya uji uliomwagika, ameshika tumbo. Daktari alimpima, hakuona kitu. Nilipomweleza muuguzi wetu wa kila siku habari za yule mwenye sikio lililokatika, alikaa kitandani kwangu.

"Ule mutu alikuwa muuguzi mwenzetu," alisema. "Walimupasua hapa hapa mwaka jana. Ganzi haikukuwa. Alikufa akilia."

Zaituni aliishi miaka miwili ameinama, mkono tumboni. Sikuwahi kumwambia nilijibu nini. Hadi siku anakufa alikuwa akiniuliza mimi kama kidonda changu kinauma.

Tumbo langu mpaka leo halisikii hata moto. Nimezeeka nikilibonyeza, nikiyatafuta maumivu yangu. Wewe, ukilazwa, na mtu asiyesalimu akakuuliza ayapeleke wapi yako, nakusihi, ng'ata shuka umwambie yabaki.